Gari la Viti Viwili

Mutomo, Kitui
6 Mei 1973

Kwa dada yangu Kalunde,

Pokea salamu zetu wewe, shemeji Kisilu, na wapwa zangu Syokau na Mulei. Sisi huku tupo. Mvua ilinyesha kidogo ikakumbuka ina kazi kwingine. Mbaazi zimeshika, mahindi hayana habari. Mama, Mwaitu wetu, mkono wake wa kulia bado haujarudi tangu ule ugonjwa umwangushe, lakini maneno yameanza kutoka. Uji wa asubuhi namnywesha mimi, wa jioni namnywesha mimi. Mchana Mutindi wa jirani huja kumgeuza. Anakuulizia sana.

Sasa neno lenyewe. Yule Mzungu wa kuchimba visima anarudi kwao na anauza gari lake. Ni Datsun 240Z, jekundu, la aina ile ile iliyoshinda mbio za Safari Pasaka hii. Hata likiwa limezimwa unaona linataka kwenda. Ameniambia, "Mutie, kabla sijamwonyesha mtu wa Nairobi, nakuuliza wewe." Kununua naweza, nikimwachia mwenzangu Mahamud sehemu yangu ya lori. Lakini amenieleza pia kwamba mwaka ujao linakuja jingine lenye injini kubwa zaidi, na huenda likawa na viti vya nyuma. Je, ninunue hili au nisubiri lile?

Utasema mtu wa Mutomo anataka gari la mbio la nini. Dada, kila mtu hapa ana safari, na safari yake ni lori langu. Kwaya ikienda Kabati ni mimi. Maiti akitoka hospitali ni mimi. Mapipa ya maji, mbuzi wa mahari, mwanamke mwenye uchungu, ni mimi. Jumapili hata baraka hazijatolewa, mtu ananivuta koti. Nataka kitu ambacho mtu akiniomba nitamfungulia mlango aone mwenyewe kwamba hakuna nafasi.

Tulipokuwa tukichunga mbuzi kando ya barabara, wewe ndiye uliyekuwa ukijua gari kwa sauti kabla vumbi halijaonekana. Niambie nifanye nini.

Ni mimi kaka yako,
Mutie


Kasikeu, Machakos
27 Mei 1973

Kaka mpendwa Mutie,

Barua yako ilifika, na Mzee Kisilu akatusomea baada ya maombi ya jioni. Tunashukuru Mungu kwa uzima wenu. Sisi hatujambo. Mulei alikuwa na surua, imeisha. Syokau ameingia darasa la pili na anasoma vizuri. Duka linaendelea. Mzee amechaguliwa tena kuwa mzee wa kanisa na watu wamefurahi.

Kuhusu gari, Mzee anasema gari la viti viwili ni gari la mtu asiye na watu. Anasema pia mwenye busara hakimbilii kitu cha kwanza. Aliniuliza mimi naonaje, nikasema naona vivyo hivyo.

Hilo linalokuja mwakani, una hakika lina viti vya nyuma? Watu wangapi wanaweza kukaa nyuma bila kukunja miguu? Kama vipo, kaka, nakushauri usubiri. Muulize vizuri huyo Mzungu.

Kuja kumwona Mwaitu mwezi huu hakutawezekana. Kuna mkutano wa akina mama, halafu palizi. Mwambie namkumbuka. Na kiti cha pili cha hilo gari ni cha nani? Umefika wakati wa kutuletea mtu.

Mzee anakusalimu. Amesoma barua hii na hana la kuongeza.

Dada yako,
Kalunde


Mutomo, Kitui
15 Julai 1973

Kwa Kalunde,

Salamu kwenu nyote. Hapa ukame umeanza kuonyesha meno. Mahamud na mimi tumepeleka mafahali wa mwisho walionona. Sasa tutanunua mifupa yenye ngozi. Mwaitu anaweza kukaa akiegemezwa. Juzi alitaja jina lako mara nyingi mpaka Mutindi akadhani umefika.

Nilimuuliza Mzungu. Anasema jipya litatoka kwa namna mbili, moja ya viti viwili na nyingine ndefu kidogo, yenye viti vya nyuma vya watoto au vya mtu mfupi mwenye subira. Lini litafika Kenya, hajui. Yeye anaondoka mwisho wa Agosti, na hatanisubiri mpaka hapo.

Dada, nitasema lililo moyoni. Umeuliza gari lina viti vingapi. Hukuuliza Mwaitu anakulaje, analalaje, nani anafua shuka zake. Hujakanyaga hapa tangu tumzike Baba. Kila nikiandika kuna mkutano au kuna palizi. Kasikeu si Ulaya. Basi lipo.

Nawe unaniambia nisubiri! Kila mtu hapa ananiambia nisubiri. Mutie subiri mama apate nafuu, Mutie subiri mvua, Mutie usioe haraka, nyumba ina mgonjwa. Nilidhani wewe ungeniambia neno lingine.

Mutie


Kasikeu, Machakos
12 Agosti 1973

Kaka Mutie,

Tumepokea barua yako. Mzee amesema ina maneno makali na kwamba nikujibu kwa upole, nami ndivyo ninavyofanya.

Hatujambo. Syokau amerefuka. Hawezi tena kukaa mapajani mwa mtu, miguu inaburuta chini. Mulei bado anabebeka.

Nakuomba subiri hilo la viti vya nyuma, hata kama litachelewa. Usiniulize zaidi, mimi ni mwanamke, sijui mambo ya injini. Mwambie Mwaitu nitakuja hilo gari jipya likifika.

Mzee anakusalimu.

Kalunde


Mutomo, Kitui
3 Septemba 1973

Kwa dada Kalunde na shemeji Kisilu,

Salamu nyingi. Sikusubiri. Nimelinunua.

Shemeji, kwa kuwa najua unasoma, nitakueleza wewe mwanaume mwenzangu. Unakaa chini kama mtu aliyekaa kwenye mkeka, miguu imenyooka mbele. Bonneti ni ndefu mpaka unajiuliza kama mwisho wake ni wako. Gia ya kwanza linaguna. Ya pili linakusukuma mgongo. Ya tatu unasahau jina lako. Nililitoa Kitui asubuhi, na nilipofika penye lami ya Machakos nikalipa uhuru. Nilipiga kelele peke yangu humo ndani kama mtoto. Hakuna aliyenisikia na hakuna aliyenisimamisha.

Halafu nikaangalia jua, nikageuza.

Dada, nimenunua gari linalopita maili mia kwa saa, na mimi siwezi kufika mbali kupita uji wa jioni wa Mwaitu. Linakaa chini ya turubai karibu na zizi. Mahamud hucheka akipita na lori ambalo sasa ni lake. Barabara ya huku inalipiga tumbo kwa mawe. Jioni huingia nikakaa ndani bila kuliwasha.

Uliniuliza kiti cha pili ni cha nani. Hakuna mtu.

Mutie


Kasikeu
20 Oktoba 1973

Mutie kaka yangu,

Barua hii haipiti posta. Nampa Mahamud mkononi. Amekuja kununua ng'ombe, na Kisilu ameitwa kanisani kupima mbao. Naandika haraka, usiangalie mwandiko.

Ufunguo wa sanduku la posta anao yeye. Barua zako huzifungua yeye, zangu huzisoma kabla hajazifunga. Ulidhani nimemtupa Mwaitu. Ningedhani hivyo hivyo ningekuwa wewe.

Hanipigi. Nasema hivi mapema kwa sababu kila mtu hapa angekuambia, na ni kweli. Hanywi, hatukani, anasali. Lakini tangu tulipotoka mazishi ya Baba, niliposema nataka kubaki kwa Mwaitu mwezi mmoja, aliweka sheria. Nikitoka kwenye boma hili, mtoto mmoja anabaki naye. Nikienda sokoni, Mulei anabaki. Nikienda kanisani mapema, Syokau anamshika mkono baba yake na kuja baadaye. Hata kisimani. Hasemi kwa nini. Ananiambia tu, "Niachie mmoja," kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi. Nilipoomba kuja kumwona Mwaitu alipougua, alisema, "Nenda, mtoto mmoja atabaki," na nikajua kwamba nikienda sitakuwa na moyo wa kurudi, na nisiporudi nimempoteza mtoto. Nikakaa. Nilimwambia mke wa mchungaji, akasema nina bahati kuwa na mume anayependa watoto.

Ndiyo maana nilikuuliza viti. Nilitaka ufike siku moja kama mgeni, na gari lenye nafasi ya sisi watatu, linaloondoka kabla mtu hajavaa viatu. Sikuweza kuandika hivyo. Niliandika "subiri" nikidhani utaelewa, kama tulivyokuwa tukielewana tukichunga mbuzi.

Sikulaumu kwa kulinunua. Ile barua yako ya Septemba, Kisilu anaiweka kwenye Biblia yake. Anaitoa na kuisoma tena pale penye gia. Leseni anayo tangu pikapu ya marehemu baba yake, lakini pikapu iliuzwa na yeye akabaki dukani. Jana alimuuliza Mahamud kama ni kweli linanguruma. Sijawahi kumwona akiuliza kitu kwa uso ule.

Mahamud anasimama mlangoni. Namaliza.

Kalunde


Mutomo, Kitui
9 Novemba 1973

Kwa shemeji Kisilu na dada Kalunde,

Natumaini Mungu amewaweka salama. Sisi tu wazima, na Mwaitu ameanza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto.

Shemeji, naandika kukuomba msamaha kwa maneno makali niliyoandika Julai. Ndugu wasikae na kinyongo. Nitakuja kuwaona Jumamosi ya tarehe ishirini na nne, na nitakuja na gari. Nimesikia una leseni. Mimi barabara hii ya mawe imenichosha, na ningependa mtu mwenye mkono mtulivu aliendeshe kwenye lami ya Mombasa, aniambie kama gia ya tatu ina kasoro au ni mimi. Tukitoka baada ya chakula cha mchana tutakuwa tumerudi kabla ya giza.

Mahamud atakuwa sokoni kwenu siku hiyo na lori, ananunua mafahali. Dada, akipita mpe chai. Ni mtu mzuri na anajua kusubiri.

Mutie


Nairobi
2 Desemba 1973

Kalunde dada yangu,

Mahamud ameniletea habari kwamba mlifika na lori lake, kwamba mlipumzika Kabati watoto wakala mandazi, na kwamba Mwaitu aliwashika nyuso mmoja mmoja kwa ule mkono mzima. Namshukuru Mungu. Najua unataka kujua yaliyotokea upande wangu. Nimejaribu kuandika barua hii mara nyingi.

Uliona tulivyoondoka. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Alimshika Syokau mkono mpaka kwenye mlango wa gari, akainama, akachungulia ndani. Alitazama nyuma ya viti, akaona kilichoko nyuma ni mahali pa mizigo na gurudumu la akiba. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni mwa duka na sahani mkononi. Mimi nilikuwa nimekaa tayari upande wa abiria.

"Hakuna kiti cha mtoto," akasema.

"Hakuna, shemeji. Wanasema la mwakani litakuwa nacho."

Alikaa vile, nusu nje nusu ndani. Syokau akamwambia, "Baba, nenda, utatueleza." Akamwachilia mkono.

Mwanzoni aliendesha kama anabeba mayai. Tulipopita Sultan Hamud, lami ikanyooka, nikamwambia, "Sasa lipe moto." Akakanyaga mafuta. Kalunde, yule mtu alicheka. Sikujua ana meno ya pembeni. Tukapita Emali, akaanza wimbo wa kanisa, akauacha katikati kwa sababu gari lilikuwa linamshinda sauti, akacheka tena. Nilikuwa nimejitayarisha kukaa na adui mpaka jioni, na badala yake nilikaa na mtu ambaye hajawahi kutolewa nje.

Makindu tukasimama tukanywa soda. Akalizunguka gari, akaligusa bonneti, likamchoma kidole.

"Hapa sijawahi kufika," akasema.

"Makindu? Ni karibu tu na kwenu."

"Baba aliniweka dukani nikiwa na miaka kumi na minne. Alikuwa akisema akiniacha niende, sitarudi." Akanywa soda yake yote. "Twende mpaka Kibwezi, Mutie. Kibwezi tu, halafu turudi."

Mimi ndiye niliyetaka achelewe. Nikasema twende.

Tuliporudi Kasikeu jua lilikuwa limelala juu ya mlima. Duka limefungwa. Watu wawili wamesimama nje na chupa za mafuta ya taa. Alizima gari akakaa, mikono bado kwenye usukani.

"Wamekwenda?" akaniuliza.

"Wamekwenda."

"Na Syokau?"

"Na Syokau."

Nilidhani atanipiga, na nilikuwa nimeamua nisijikinge. Akashuka, akatafuta ufunguo mfukoni, akafungua duka. Akawapimia wale watu mafuta ya taa, bila kumwaga hata tone. Mama mmoja akauliza, "Mama Syokau hayupo leo?" Akamjibu, "Amekwenda kwao. Mama yake ni mgonjwa." Miaka hii yote ulikuwa unataka aseme neno hilo, na akalisema kwa mteja, akimrudishia chenji.

Walipoondoka aliuweka ufunguo wa gari kando ya mizani.

"Pale mlangoni, nilipomshika Syokau mkono, ulijua?"

"Nilijua."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Alikuwa anatazama ile sahani, uliyoiacha juu ya kaunta. Mwishowe akasema, "Wazee watakuja kwenu. Watoto ni wangu." Nikachukua ufunguo nikaondoka.

Sikuja Mutomo moja kwa moja kwa sababu niliogopa atanifuata. Hiyo ilikuwa sababu ya siku ile. Sasa nitakuambia sababu ya siku zilizofuata. Hapa Nairobi naamka na hakuna uji unaonisubiri. Natembea mpaka mjini narudi, hakuna anayenivuta koti. Mara ya kwanza nililala mpaka jua likaingia chumbani, na nikaona aibu, na siku ya pili nikalala tena. Jana niliingia kwa wauza magari. Ukutani kuna picha ya lile jipya, na lina viti vya nyuma kweli. Kijana akaniuliza kama naweka jina langu. Nilisimama pale nikitazama vile viti. Nikamwambia nitafikiri. Petroli imepanda, kila mtu anafikiri.

Sijui nitarudi lini. Nimekutoa ndani ya boma moja, nikakuachia langu. Nalijua hilo kila asubuhi.

Mutie


Mutomo, Kitui
18 Desemba 1973

Kaka Mutie,

Barua yako niliipata posta mwenyewe. Karani aliniuliza jina langu, nikamwambia, akanipa. Niliisoma nimesimama pale pale, watu wakinipita.

Sisi hatujambo. Mwaitu anakula muthokoi ya mahindi iliyolainishwa na anamwita Mulei kwa jina la Baba. Syokau hasemi sana. Aliniuliza kama alifanya vibaya kumwambia baba yake aende. Nilimwambia hapana, lakini naona neno hilo ameliweka mahali fulani ndani na analilinda. Wewe ukija ongea naye. Mimi ananiangalia kama anayeogopa nitalia.

Nilidhani nikifika hapa nitapumua siku hiyo hiyo. Haikuwa hivyo. Wiki iliyopita nilichukua mtungi kwenda kisimani na nikamwambia Mulei, "Wewe baki." Nilifika penye ua wa minyaa ndipo nikajiuliza nani aliyeniambia nimwache. Nikarudi kumchukua. Jana nikamwacha tena bila kujua. Na usiku nikisikia lori linapanda mlima, nakaa kitandani nimevaa viatu.

Kuhusu Nairobi, sitakuambia urudi. Kila mtu hapa ananiuliza utarudi lini, kwaya, mwenye maiti, mwenye mapipa, nami nawaambia lori ni la Mahamud, wakamwombe yeye. Uji wa Mwaitu ninao. Nimekuwa na hamu ya kumnywesha kwa miaka, niache nishibe. Ukirudi, rudi kwa sababu umetaka.

Wazee wa Kisilu wameleta ujumbe. Watakuja Ijumaa baada ya Krismasi, wanne, na mchungaji. Wanataka watoto, au mimi pamoja na watoto. Watu wa ukoo wetu wameniambia nikae jikoni wao wazungumze, kwa sababu wakizungumza wanaume mambo huwa mepesi. Niliwajibu vizuri kwamba nimekaa jikoni vya kutosha. Wengine wamechukia. Mmoja amesema kama Kisilu hakuwahi kunipiga, sijui nitawaambia wazee nini. Hata mimi sijui. Usiku najaribu kuyasema yale niliyokuandikia, na yakitoka mdomoni yanakuwa madogo, mume aliomba abaki na mtoto, basi. Nani atalia kwa hilo?

Lakini Mwaitu alinisikia nikijaribu. Akaniita. Akaniambia, kwa yale maneno yake yanayotoka moja moja, "Sema. Polepole. Nitakaa. Hapo." Amechagua mwenyewe mahali atakapoegemezwa, karibu na mlango, waingie wakimwona yeye kwanza.

Kwa hiyo sikuombi uje kunisemea. Kama utakuja, kaa tu mahali nitakapokuona, na usiseme kitu hata wakiniuliza nikanyamaza, hata nikinyamaza kwa muda mrefu.

Nimeazima vikombe kwa Mutindi. Sukari ipo. Sijui watasema nini, Mutie, wala sijui kama watoto hawa watalala hapa Ijumaa hiyo. Nitawakaribisha, nitawapa chai, halafu nitakaa chini kama wao na kuanza.

Dada yako,
Kalunde